Nimempeleka mama Momella na Duluti: maji ya chumvi na maji baridi chini ya mlima mmoja

Kijenge Juu (mwenye uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka ausome akitulia.

Nimezaliwa Arusha, nina miaka 41, na mlima Meru nauona kila asubuhi nikifungua mlango. Msitu wake sikuwahi kuukanyaga hadi mwezi uliopita. Nilichokuwa nakijua ni magari ya watalii yanayokata kona pale Usa River, wao wanapanda kwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha, sisi tunaendelea na Hiace yetu kwenda Moshi. Aliyenitoa nyumbani ni mama.

Mama ana miaka 68. Amekulia Ngarenanyuki, ule upande mkavu wa mlima. Wanaopajua hawahitaji maelezo: meno yake ni ya kahawia tangu utotoni na magoti yamepinda, kwa sababu ya maji ya kule. Mwaka huu aliugua, akapona, na siku aliyoanza kutembea vizuri akaniambia, "Nipeleke nikaone yale maji yanakotoka." Maji anayoyasema ni ya mto waliokuwa wakichota na kubeba kichwani, ule uliokipa kijiji jina. Engare Nanyuki kwa Kimaasai ni maji mekundu.

Basi Jumamosi tukatoka saa kumi na mbili asubuhi: mama, binti yangu wa miaka 10, mimi, na jirani yangu mwenye gari. (Kulikuwa na dereva mwingine niliyemlipa nusu ya pesa, asubuhi hakupokea simu. Kamateni gari la mtu mnayemjua.) Geti la Ngongongare hawapokei fedha mkononi, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu. Mtanzania mtu mzima nililipa 10,000 na mtoto 2,000, kodi juu yake, na gari linalipiwa kivyake.

Ukishaingia tu kuna uwanda wa majani wanaouita Serengeti Ndogo. Pundamilia, ngiri, nyati, na twiga wengi sana. Binti alipiga kelele hadi mama akamziba mdomo. Lakini mimi nataka niseme habari za msitu.

Barabara inapanda kuelekea kreta ya Ngurdoto, lile shimo kubwa la volkano, na ghafla jua linakatika. Nje ilikuwa asubuhi ya joto, mle ndani nikavaa koti. Miti imeshikana huko juu, shina moja limevikwa kuvumwani kama blanketi, mizizi imening'inia hewani, na kwenye matawi kuna zile ndevu za kijani zinazonyonya ukungu. Haikuwa inanyesha, ila kila kitu kilikuwa kinadondosha maji. Tukazima gari. Nilidhani msitu ni kimya, kumbe si kimya hata kidogo. Hondohondo akiruka unasikia mbawa zake kama mtu anakung'uta mkeka. Halafu mbega wakaanza kuunguruma, mmoja akajibiwa na wa mbali, mwingine akajibiwa na wa mbali zaidi.

Tuliwaona mbega kama kumi kwenye mti mmoja, weusi wenye joho jeupe na mkia mweupe. Kuna kichanga kilikuwa cheupe mwili mzima kifuani kwa mama yake. Mama akasema zamani wapiganaji walivaa ngozi zao, na kwamba babu yake alikuwa nayo moja, imefungwa juu ya dari. Miaka yote hii sikuwahi kulisikia hilo. Ilibidi tufike pale ndipo nilisikie.

Kreta huruhusiwi kushuka, unaangalia kutoka ukingoni. Chini ni bwawa la matete na nyati wanaonekana kama siafu. Tukala chapati na mayai pale, tukashuka kwenda Momella.

Maziwa ya Momella ni saba na kila moja lina rangi yake, moja la kijani, jingine la buluu, jingine kama maziwa ya unga. Flamingo walikuwepo, ukingo mzima ni waridi. Tukasimama mahali panaporuhusiwa kushuka, mama akaenda taratibu hadi majini, akachovya vidole, akavisugua. "Yanateleza," akasema. "Ndiyo haya haya. Nguo ilikuwa haihitaji sabuni nyingi." Binti akataka kuonja, mama akamshika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

Kisha geti la Momella. Mto Ngarenanyuki unapita hatua chache tu kutoka pale. Askari wa hifadhi mwenye bunduki alitusindikiza mpaka ukingoni, mama akaketi juu ya jiwe. Alikaa kama nusu saa. Mimi na binti tulitembea na askari hadi maporomoko ya Tululusia, tukarudi tukamkuta palepale, analia bila sauti. Sikumuuliza kitu. Kwenye gari ndipo akasema: "Maji ni masafi vile. Sisi tulidhani ni mazuri."

Jumapili nikampeleka Duluti, pale Tengeru. Ni ziwa dogo la kreta, maji baridi, limezungukwa na kipande cha msitu ambacho Wakala wa Huduma za Misitu wanakilinda. Mama akachovya vidole tena, akavisugua. Hayatelezi. Akanawa uso na mikono, akakaa kivulini akimwangalia kenge anayekatiza maji.

Njiani binti akauliza swali ambalo sikuweza kulijibu: "Mlima ni mmoja, mbona maji ni mawili?" Nimelileta hapa. Na wale mnaopita Usa River kila siku kama nilivyokuwa napita mimi, niulizeni chochote kuhusu safari, nitajibu.

Dereva Tengeru

Mkuu, umenigusa. Naendesha watalii mwaka wa kumi na mbili sasa, na wazazi wangu mwenyewe sijawahi kuwapeleka. Nitawapeleka.

Niongeze ya barabarani. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, ile njia ya Ngurdoto inateleza, nenda na gari linalovuta magurudumu yote. Juni na Julai barabara ni nzuri ila baridi inauma na mlima unajificha, watu wanakaa siku nzima bila kuiona kofia yake. Mvua ikishapita mlima unatoka asubuhi na mapema, saa nne umeshafunikwa.

Kwa asiye na gari: kuna magari ya abiria yanayokwenda Ngarenanyuki yanapita barabara ya umma inayokatiza hifadhi. Unaweza kushuka geti la Momella, ukalipia askari na matembezi. Twiga unawaona kwa miguu, bila kioo katikati.

Neema K

Naomba kuuliza, simba hakuna kweli? Nataka kwenda na watoto.

Dereva Tengeru

Simba hakuna, dada. Ndiyo maana matembezi ya miguu yanawezekana. Chui na fisi wapo lakini kuwaona ni bahati. Wa kumwogopa ni nyati, hasa dume la peke yake kwenye majani marefu. Askari akikwambia simama, simama hapohapo. Watoto wasitangulie mbele yake hata kwa hatua tatu.

Mwalimu wa Jiografia

Mwenye uzi, hongera kwa huyo binti. Ngoja nimjibu yeye, wewe umsomee.

Meru ni volkano, na wakati mmoja, maelfu ya miaka iliyopita, ubavu wake wa mashariki ulibomoka wote. Ndiyo maana ukiutazama kutoka Momella unaona kama kiti chenye mikono, katikati pana shimo na kile kilima cha majivu. Matope, mawe na majivu vilitiririka mbali sana. Katika mashimo yaliyobaki juu ya hayo matope, maji ya chini ya ardhi yakajikusanya. Hayo ndiyo maziwa ya Momella.

Sasa fikiria sufuria ya maji yenye chumvi juu ya moto mdogo. Maji yanaondoka kama mvuke, chumvi inabaki. Momella maji yanaingia kutoka chini, njia ya kutokea ni ndogo, jua linafanya kazi kila siku, na magadi yanabaki. Mwaka baada ya mwaka maji yanakuwa makali, yanateleza mkononi kama mama alivyosema. Ule mwani unaoota humo ndio chakula cha flamingo, na kwa kuwa kila ziwa lina ukali wake na mwani wake, rangi hazifanani.

Pamoja na magadi kuna floraidi. Miamba na majivu ya Meru yana floraidi nyingi, na maji yanayokaa ndani yake yanaibeba. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mito ya Ngarenanyuki na Maji ya Chai inazidi hapo mara nyingi, na maziwa ya Momella yenyewe yako kwenye kiwango kingine kabisa. Mtoto akinywa maji hayo meno yakiwa bado yanajengeka, yanatoka na madoa ya kahawia. Akiendelea kunywa kwa miaka, mifupa nayo inaathirika.

Chemchemi zinazotoka juu, msituni, upande wa kusini unaopata mvua nyingi, maji yake hayajakaa na miamba muda mrefu. Hayo kwa kawaida yana nafuu. Kwa hiyo mwambie binti hivi: mlima ni mmoja, ila maji yamepita njia tofauti, na yamekaa njiani kwa muda tofauti.

Kijenge Juu

Mwalimu, asante sana. Nimemsomea, ameenda kuchemsha maji ya chumvi jikoni kuhakikisha. Mama naye kauliza: je, tungechemsha yale maji utotoni ingesaidia?

Mwalimu wa Jiografia

Hapana, na hili naomba kila anayesoma alishike. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi haiondoki. Ukichemsha sana unaiongezea ukali, kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Kinachofanya kazi ni mkaa wa mifupa. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi ambacho kimeshughulika na mkaa huo kwa miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa joto maalumu, inasagwa, maji yanapitishwa humo. Kukusanya maji ya mvua pia ni njia nzuri.

Na magadi ya kulainishia maharage na makande, jamani. Magadi yetu ya huku yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Mtu anahangaika kutafuta maji salama halafu anaitia floraidi ndani ya sufuria. Loweka maharage usiku kucha.

Mzee wa Poli

Wanangu, hamjambo. Mwenye uzi, mpe mama yako pole na salamu zangu, nadhani sisi ni wa rika moja au ananizidi kidogo.

Umetaja Ngarenanyuki, nikaona nisipite kimya. Watu wetu waliondolewa pale na serikali ya kikoloni mwaka 1951, nyumba zikachomwa, ardhi wakapewa walowezi. Kirilo Japhet alitumwa na Wameru, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kule New York mwaka 1952 kuidai. Baba yangu alitoa mchango wa nauli yake, alikuwa akituhadithia kila mara. Kwa hiyo yale maji mama yako aliyoyanywa, yenye ubaya wote huo, ni maji ambayo watu walipigania kurudi kuyanywa. Mtoto wako alijue na hilo.

Na mkifika Duluti, hapo karibu Tengeru yapo makaburi ya Wapolandi. Walikuja kama wakimbizi wakati wa vita kuu ya pili, maelfu yao, wengi akina mama na watoto, wakakaa hapo hadi mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Makaburi yanatunzwa vizuri. Pitieni.

Kijenge Juu

Shikamoo mzee. Nimemsomea mama ujumbe wako. Amesema baba yake naye alichanga, na kwamba alitoa mbuzi.

Mzee wa Poli

Marahaba mwanangu. Wengi walitoa mbuzi.

Msaka Fursa

Habari nzuri ila tuwe wakweli. 10,000 ya kiingilio si tatizo, tatizo ni gari. Kukodi gari kwa siku na mafuta, mtu wa kipato cha kawaida anaona bora anunue gunia la mahindi. Ndiyo sababu Watanzania hatuendi, si kwamba hatupendi.

Kijenge Juu

Mkuu, uko sahihi na sitakupinga. Mimi nilichangia mafuta tu kwa sababu gari ni la jirani, vinginevyo nisingeweza. Lakini Duluti nilikwenda na mama kwa daladala ya Tengeru, tukashuka, tukachukua bodaboda mbili. Msitu ni mdogo ukilinganisha na wa hifadhi, ila miti ni mikubwa kweli, ndege wapo, kuna njia ya kulizunguka ziwa kwa miguu. Nenda Jumatano au Jumamosi, ukitoka ziwani unapita soko la Tengeru unarudi nyumbani na ndizi.

Kinachoniuma ni shule. Watoto wa shule za kata za Usa River na Maji ya Chai wanaishi mlangoni kwa hifadhi, na binti yangu alipowasimulia wenzake darasani hakukuwa na hata mmoja aliyewahi kuingia. Basi moja la wanafunzi, wakichangiana wazazi, gharama ya gari inagawanyika kwa watu hamsini. Nimeshaongea na walimu wake. Mwenye uzoefu wa kupanga safari ya shule aje hapa anielekeze.

Mvuvi wa Usa

Nisaidieni jambo moja. Pale Duluti niliambiwa na kijana aliyekuwa anatutembeza kwamba kina chake ni mita 700. Wengine wanasema halina mwisho. Ni kweli?

Mwalimu wa Jiografia

Si kweli, na hadithi hiyo imesambaa mno. Watafiti walilipima, pale penye kina kirefu ni kama mita 9. Eneo lake lote ni takriban nusu ya kilomita ya mraba na kidogo zaidi. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka juu ya ardhi, linategemea mvua na maji ya chini kwa chini, na nadhani ndiyo maana watu wakaona kama lina siri.

Lakini mita 9 zinatosha kabisa kumzamisha mtu mzima. Mkipanda mtumbwi vaeni majaketi ya kuokolea, hata kama mnajua kuogelea. Na kwa kuwa ni dogo na halina mto wa kulisafisha, taka na mbolea zikiingia zinabaki humo. Tusilitupie chochote.

Dada wa Rau

Naona watu wa Arusha mmejisahau, sisi wa Moshi tupo. Nimefurahia uzi huu, nami nataka mama apate na upande wetu.

Kama anapenda ziwa la maji baridi, basi ni Chala. Unatoka Moshi, unapita Himo, unaelekea Rombo, ziwa liko mpakani kabisa na Kenya, nusu lao nusu letu. Ni kreta yenye kuta za mwamba, kina kinakaribia mita 100, na rangi ya maji inabadilika kutwa nzima, asubuhi kijani, mchana buluu iliyoiva. Maji yake mengi ni mvua iliyonyesha kwenye msitu wa Kilimanjaro ikapenya ardhini ikaja kutokea huko chini. Na yanatoka tena chini kwa chini, ndiyo maana hayakugeuka magadi kama Momella. Kuna perege wa pale ambaye asili yake ni ziwa hilo tu. Mwaka 2016 watafiti walitoboa tope la chini yake zaidi ya mita 200, wakapata historia ya mvua na ukame ya miaka kama 250,000.

Msiogelee. Kuna mamba, na mwaka 2002 binti kutoka Uingereza aliuawa pale.

Wasioweza kufika Chala waje Rau, msitu uko karibu kabisa na mji wa Moshi. Ni msitu wa tambarare unaoishi kwa maji ya chini ya ardhi, na una miti ya msoo, mikubwa kiasi kwamba watu wanne hamuikumbatii. Mti huo haupatikani sehemu nyingi duniani. Mimi nimekua nikiokota kuni ukingoni mwake bila kujua nipo mbele ya nini.

Neema K

Narudi kutoa mrejesho. Tulikwenda jana. Mwanangu wa miaka sita ameona mbega, akataka kujua kwa nini hana kidole gumba. Askari akamwonyesha jinsi anavyoshika tawi kwa vidole vinne kama ndoano. Anakula majani tu, na tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe. Leo asubuhi mtoto amekunywa chai kwa vidole vinne.

Mvua ilitupata Ngurdoto. Msitu ukawa mweusi, tukakaa ndani ya gari tunasikiliza. Mume wangu, ambaye hakutaka kuja, ndiye aliyesema tusiondoke kwanza.

Kijenge Juu

Neema, nimefurahi mno. Mkuu wa shule naye amekubali, tunaanza na darasa la tano, Septemba.

Dada wa Rau, mama amenituma nikuulize. Chala inabidi kushuka hadi majini? Magoti yake hayawezi ngazi wala mteremko, lakini ameshaanza kuuliza nauli ya Himo.

Dada wa Rau

Mwambie mama asishuke, njia ni ya mawe na kali. Juu ukingoni ziwa lote linaonekana, na mlima Kilimanjaro pia ukiwa wazi. Aje na kanga nzito, upepo wa pale ni mkali. Nitawasubiri stendi ya Himo, maji ya kunywa nitabeba mimi.